Kitambaa Kilichofuliwa

Galway, 28 Januari

Mama mpendwa,
Hujambo? Baba na nyonga yake je? Mimi nimelala chali hapa hospitalini, hata chooni siruhusiwi kwenda. Daktari anasema chupa ya uzazi ikipasuka kabla ya Machi, mtoto hataishi.

Nina ombi. Mkesha wa Brigid, tarehe 31, tandika kitambaa nje kwenye kichaka cha miiba, apite usiku akiguse, kisha unitumie nijifunge tumboni. Wewe unamwita mtakatifu. Mimi namwomba kama mungu wa kike, alivyokuwa kabla ya kanisa kuja. Usinicheke.
Binti yako, Dervla

Mayo, 2 Februari

Dervla mwanangu,
Salamu nyingi. Sisi wazima, ila usingizi hauji nikikuwaza. Naandika kwa sababu tukishika simu tunagombana.

Nimetandika. Baba yako akasema, “Mungu wa kike! Na mumewe yuko wapi, mnadani?” Nikamwambia nyamaza, mzee. Nikasema, “Brigid, mtakatifu au mungu, wewe mwenyewe unajijua. Mpitie Dervla wangu.”

Asubuhi nikakuta ndege amekinyea. Usihofu! Nimekifua kwa sabuni ya watoto na kukipiga pasi. Hospitali hawapendi uchafu. Kimo humu ndani ya bahasha. Unakula lakini?
Mama yako

Galway, 5 Februari

Mama,
Umekifua? Umande wa usiku alipopita ndio uliokuwa dawa yenyewe! Sasa mpaka mkesha wa mwaka ujao. Nimelia hadi nesi akaja kunishika nisiinuke. Tafadhali usiniandikie kwanza.
Dervla

Mayo, 11 Februari

Mwanangu,
Hujambo? Najua umenikataza. Nimevumilia, nimeshindwa.

Nataka kuja na siwezi. Ng'ombe wanazaa, baba yako hashiki hata ndoo. Natoka bandani, naingia jikoni, narudi bandani, kama nimefungwa kamba. Umande naujua, Dervla. Bibi yako alitufunga vile vitambaa kila tulipoumwa kichwa. Lakini nilipoona kinyesi nikawaza vijidudu tu, mikono yenyewe ikaenda kwenye sabuni.

Sina kingine cha kukutumia. Niambie unamwitaje huyo Brigid wako, kwa maneno gani, nimwite nikiwa nakamua. Niliacha shule mapema lakini maneno nayashika. Padri hatasikia, na ng'ombe hawasemi.
Mama

Galway, 19 Februari

Mama mpendwa,
Shikamoo. Bado nimelala chali na Machi haiji. Juzi nilitokwa na damu, manesi wakakimbia na kitanda. Damu ikakoma. Leo mtoto anacheza, kesho hawaniahidi.

Maneno hayana kanuni. Mwite kwa jina, mwambie unachotaka, kama ulivyofanya kichakani.

Nimejifunga kitambaa. Kinanukia sabuni tupu. Nimemwambia: Brigid, mama uliyenipa ndiye huyu, anafua kila kitu, sina mwingine. Basi fanya kazi naye hivyo hivyo.
Binti yako, Dervla