Upande wa Usukani

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimeendesha mwenyewe! Nyumbani hadi soko la Kibondo, na kurudi. Nilipoliwasha gari likanisalimia Kijapani — mwanamke mwenye sauti nyororo, sijui alisema nini. Nikamjibu kwa Kiha, "Ego, mama" — ndiyo, mama.

Mume wangu Nathaniel alilipokea Machi. Miaka yote hiyo ya kununua maharage vijijini kwa pikapu bovu, akasema sasa na mimi nikae juu kama wakubwa. Hakutaka hata mimi mkewe nifute vumbi kwenye kioo. Wiki ya Pasaka kiharusi kikamwangusha, upande wote wa kulia. Maneno nayo yakaondoka. Limebaki neno moja, "oya" — hapana.

Jioni kaja shemeji Crispin. Eti gari kama hili si la mwanamke, alichukue yeye alitunze. Nathaniel akasema oya. Kwa sauti! Hiyo oya niliipenda.

Jumatano, 4 Juni

Kiti! Nikizima gari na kufungua mlango, kiti kinarudi nyuma chenyewe, taratibu, kama mtu anayempisha mgeni. Mlangoni kuna vitufe, 1 na 2. Nikabonyeza 1 — kikaenda mbali, miguu yangu ikabaki inatafuta sakafu. Ndipo anapokaa Nathaniel. Gari linamkumbuka alivyokuwa mzima. Ningeweza kumfuta, niweke vipimo vyangu hapo.

Nimeviweka kwenye 2.

Ijumaa, 6 Juni

Kasulu, kumpeleka Nathaniel mazoezi ya viungo. Kwenye kizuizi cha polisi nikasimama — injini ikafa. Mawe, mama yangu! Nikajua nimeliua. Askari anasubiri leseni, mimi jasho. Nilipotaka kuondoka likawaka lenyewe. Nathaniel akacheka! Kicheko cha nusu uso. Akauvusha mkono wa kushoto kifuani, akabonyeza kitufe chenye herufi A ndani ya mshale wa mviringo. Halikuzimika tena hadi Kasulu. Kumbe bado ananifundisha. Nilitaka kulia.

Mtaalamu wa mazoezi ni Gharibu, mtu wa Tanga, mpole. Nikamuuliza kama Nathaniel ataweza kuendesha tena. Akasema tusubiri, mama, mguu wa kulia bado haumsikii, mwaka huu tusiuhesabu. Nathaniel alikuwa pale pale kitandani, anatazama ukuta.

Wakati wa kurudi hakugusa kitufe chochote.

Jumapili, 8 Juni

Ibada. Watu wamelizunguka gari, wamepiga nalo picha. Nathaniel akabaki ndani, vioo juu. Vile vioo vyeusi nilidhani ni fahari tu. Leo nimeona mtu anaweza kujificha humo.

Jumanne, 10 Juni

Mama mkwe, Immakulata, kapiga simu kutoka Titye. Crispin alimwambia kuwa Nathaniel ana malaria kali, eti kumkinga na presha. Anauliza malaria gani hii isiyoisha. Twende Jumamosi, Jumapili Nathaniel ampeleke kanisani kwa gari lake jipya, alimwahidi. Simu ilikuwa kwenye spika. Nathaniel amesikia yote. Hajala.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika garini. Njia ya vumbi ya Titye, bati la nyumba ya mama mkwe linaonekana kule juu.

Nathaniel alinigusa bega nisimame. Akashuka, akalizunguka gari akiliegemea. Alichelewa mpaka nikaogopa ameanguka. Akafungua mlango wangu.

"Baba Irakoze, Gharibu alisemaje?" nikamuuliza, nikimwita kwa jina la mtoto wetu.

"Oya."

"Mguu wenyewe huo —"

"Oya!" Macho yamejaa. Halafu kwa taabu, midomo inahangaika: "Ma... ma."

Hakuwa ananiita mimi. Hataki mama amwone analetwa. Nikazima, nikashuka.

Sasa yuko usukanini, mimi upande wa abiria. Gari hili haliwaki mpaka breki ikanyagwe. Ameunyanyua mguu wa kulia kwa mkono, kauweka juu ya breki. Umelala tu. Kabonyeza kitufe cha kuwasha — taa tu. Tena — taa tu. Ufunguo, ambao gari huuhisi tu ukiwa karibu, uko mkobani mwangu. Nikishuka nikaenda nao, yamekwisha. Njia ni tupu, mbuzi tu. Sijui kama huu ni upendo au upumbavu.

Anausogeza mguu wa kushoto kwenye breki.

Injini imewaka!

Ananitazama. Hajaondoa gari, ananisubiri mimi. Nimefunga mkanda wangu. Naweka kalamu chini nimfunge na wa kwake —