Ufunguo wa Faki Ulikuwa Kwangu

Jadida, Wete

Kwa mwanangu Kombo,

Assalaam alaykum. Nakuombea uwe mzima weye na mkeo na wajukuu wangu, na hilo paa huko Tanga liwe lishazibwa, maana nilisikia mvua inawafuata hadi kitandani na weye umekaa waitazama. Miye mzima. Magoti yanauma, lakini yaliuma hata kabla hujazaliwa.

Nakuandikia kwa sababu simu unanikatia. "Mama, niko juu ya ngazi, nitakupigia." Hunipigii. Barua huwezi kuikata. Miye niliishia darasa la tatu, herufi zangu zimelala ovyo kama wagonjwa. Zisome hivyo hivyo, tena uzisome umekaa kitako.

Nimesikia Bwana Nassor, mwenye kiwanda hiki cha barafu ninachopikia, amekuita uje uwe fundi wake wa umeme. Nimesikia na weye umekubali. Nimeyasikia jikoni, kwa watu wanaokuja kunywa uji, si kwako. Basi nami nikwambie kwa nini nafasi hiyo iko wazi, maana najua yeye hakukwambia.

Walikuja watu wa serikali wa usalama kazini, wakatukusanya sote, hata miye na mwiko wangu mkononi. Wakasema taratibu za umeme zimebadilika. Tangu sasa, fundi akitaka kutia mkono kwenye mashine, kwanza azime swichi kuu, aipige kufuli lake mwenyewe, na ufunguo ukae mfukoni mwake mpaka amalize. Mtu mwengine asilifungue, hata awe mwenye kiwanda. Bwana Nassor akaitikia kwa kichwa kwa adabu, akanunua makufuli.

Sasa weye wawajua watu wa huku. Ikiadhiniwa adhuhuri, wanaume wote wanapita jikoni kwangu kabla ya kutia udhu. Simu, saa, funguo, vyote wananimiminia miye, nami nafunga kwenye pindo la khanga. Ni miaka sasa, na hakijapotea hata kijiti cha meno. Makufuli yalipokuja, funguo zake nazo zikaingia pindoni. Hakuna aliyeona vibaya. Faki, fundi wetu, alikuwa akinitania, "Bi Mize, serikali imesema mfukoni mwangu, lakini mfuko wangu una tundu, wako hauna." Nami nikicheka kama mjinga.

Siku hiyo Faki alikuwa ameifungua pampu ya maji, nyaya zi nje. Kazima swichi kuu, kapiga kufuli, kanipa ufunguo, adhana ikaita. Punde Bwana Nassor akaja mbio.

"Bi Mize, nipa ufunguo wa Faki. Wavuvi wa Kojani wako gatini, samaki wanawaozea, na mtambo wa barafu umezimwa."

"Ngoja arudi msikitini."

"Kufuli nimenunua miye, kiwanda changu miye. Leo niombe ruhusa kwa mpishi?"

Nikafungua pindo nikampa. Andika hilo moyoni mwako, Kombo, kwamba ni mamako aliyempa.

Faki hakuwa msikitini. Mguu ulikuwa unamsumbua, akasali mle mle stoo ya kiwanda, akarudi kwenye pampu yake. Swichi kuu iko upande wa pili wa ukuta, hakuiona. Aliamini kufuli lake lipo. Nilisikia sauti ambayo si ya mtu wala ya mnyama. Nikachomoa komeo la ubao la mlango wa jiko, nikakimbilia kwenye pampu, nikampiga nalo mkono mpaka umeme ukamwachia. Wanaume walikuwa bado wako rakaa ya mwisho.

Hai yu hai. Vidole viwili vimekatwa, na vilivyobaki mkononi havikunjiki. Mkewe anamlisha wali. Nilipokwenda hospitali aliniambia, "Bi Mize, kufuli langu lilikuwepo. Nilipolipiga nililivuta kwa mkono wangu kuhakikisha." Nikamwambia ukweli. Akageukia ukutani, na tangu hapo hajasema nami.

Bwana Nassor yeye anamwambia kila mtu kwamba Faki alilifungua mwenyewe kwa haraka zake. Kanunua makufuli mengine, yamepangwa ukutani yanang'aa, mkaguzi akija ayaone. Nilipompelekea chai ofisini droo ilikuwa wazi. Kila kufuli lina ufunguo wa pili, na zote zimo humo kwenye waya mmoja. Juu ya kufuli la mwisho pameshatundikwa kadi yenye jina lako. Hujavuka bahari, Kombo, jina lako lishatangulia kuning'inia pale alipokuwa Faki.

Mkaguzi anakuja Jumatano. Jana Bwana Nassor alikuja jikoni, akakaa kwenye kibao changu cha mbuzi, yeye ambaye siku zote huishia mlangoni. Akasema kwa upole, "Bi Mize, ukiulizwa, funguo hukuwahi kuzishika. Mwanao anakuja, mtakuwa pamoja. Wataka nini tena?"

Nikamchotea uji. Alidhani nimekubali, akaunywa, akaenda zake.

Weye utasema mama mkali, mama haelewi mambo ya ufundi. Mambo ya ufundi siyaelewi kweli. Lakini mtu anayeweza kukuwashia umeme mkono wako ukiwa ndani, halafu akasema ulijiwashia mwenyewe, huyo namwelewa vizuri. Na weye una haraka kuliko Faki, tena husikii.

Msalimie mdogo wangu Riziki, umwambie dawa ya kifua aache kuigawa kwa majirani. Msalimie mwalimu wa chuo cha Qurani anayewasomesha wajukuu zangu, na yule jirani wa mlango wa pili aliyenishika mkono siku ya kupanda boti. Mkeo mwambie asikufungie begi.

Jumatano nitamwambia mkaguzi nani aliomba ufunguo na nani aliutoa, na droo nitamwonyesha. Nikishasema hayo, kiwandani humu hapatakuwa na kazi yangu wala yako. Kasirika ukitaka. Ukasirike ukiwa na mikono yako miwili.

Miye mamako,
Mize