Selotepu Nyeusi kwenye Dashibodi

Jumanne

Kumbe taa ya injini ilikuwa inawaka wiki nzima! Kaka Masanja aliiziba kwa selotepu nyeusi alipoazima gari langu kwenda Urambo, akanirudishia akisema, "Liko safi."

Leo nampeleka mama Tabora kwa daktari wa macho, anayekuja mara moja kwa mwezi. Injini ikafa njiani, moshi tupu. Ndipo nikaiona selotepu. Kuibandua, taa hiyo, inawaka.

Nikampigia kaka, nimefura. Kabla sijamaliza neno la kwanza akanikatiza, "Siku hizi hata shikamoo hakuna?"

Mama, ameketi majanini kando ya barabara, akanikemea, "Msalimie kwanza mkubwa wako."

Nikamwamkia. Akaitika marahaba, taratibu kabisa.

Daktari keshaondoka. Mama haoni, na mimi ndiye nisiye na adabu.