Kazi ya Kuangushwa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ukiacha sikio la kushoto ambalo halijarudi katika umbo lake, na naomba nawe uwe mzima, mgongo usikusumbue na macho yaendelee kuuona uzi wa cherehani. Mama hajambo? Mwambie nakula vizuri, maana najua ndilo swali lake la kwanza. Na kama umeikunja barua hii uitupe kabla hujafika hapa, basi ikunjue, kwa sababu nimeiandika mara tatu na mkono unauma.

Kaka amenipigia simu akaniambia umeibandua picha yangu ukutani pale ukumbini. Anasema ulipanda kwenye kiti mwenyewe, wanafunzi wote wakikutazama, ukatangaza kwamba mtu anayejifungia kizimbani kama kuku ili arushiane ngumi hana nafasi kwenye judo yako. Sawa, Baba. Ukumbi ni wako na ukuta ni wako. Lakini habari za kizimba umezipata kwa watu wa vijiweni ambao hawajawahi kutia mguu humo, kwa hiyo acha nikupe mwenyewe.

Nimepanga chumba juu ya duka la matairi. Kuta zinanuka mpira, lakini maji yapo na dirisha linafunga. Mchana nafanya kazi ya udobi hotelini, na mashine zikigoma, yaani karibu kila siku, tunakamua mashuka kwa mikono. Vidole vyangu sasa vingeweza kufungua chupa yoyote unayoijua. Jioni nakwenda mazoezini. Kocha wangu ni bondia mstaafu ambaye mchana ni fundi bomba. Anakuja na mkoba wake wa spana na akikasirika anatutisha nao. Wenzangu wananiita Mwalimu, kwa sababu siku ya kwanza niliinama mlangoni kwa heshima, kama tunavyofanya ukumbini kwako, kabla ya kukanyaga mkeka, nao wakadhani nimeangusha kitu wakaanza kunisaidia kukitafuta.

Pambano la kwanza nilishindwa, na namna nilivyoshindwa utacheka hata kama hutaki. Dada niliyepangiwa kupambana naye alinijia na ngumi, nikaingia chini ya mkono wake. Huku ngumi na miereka vyote vinaruhusiwa, lakini hakuna koti la kushika, kila kitu ni jasho na utelezi, kwa hiyo nikamkamata shingo na kwapa, nikambeba kiunoni, nikambwaga chali. Chali kabisa, Baba, mabega yote mawili, kishindo kikasikika hadi viti vya nyuma. Kwako pambano lingekuwa limekwisha. Basi nikamwachia. Nikasimama, nikajivuta kola za koti ambalo sikulivaa, nikageuka kumtazama mwamuzi ili atamke ippon, ule ushindi wetu wa mtupo mmoja, nami niiname niende zangu. Mwamuzi alinitazama kama mtu aliyepotea njia. Yule dada akainuka akanitandika ngumi ya sikio, ndilo hilo nililokutajia. Ukumbi mzima ulicheka. Raundi zilizobaki kichwa kilikuwa kinavuma tu, na majaji wote watatu walimpa yeye ushindi.

Kocha alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza akaniambia kwamba huku hakuna mtu atakayenisimamishia pambano eti kwa sababu nimefanya vizuri. Nikitaka liishe, nilimalize mwenyewe. Nilikwenda kulia chooni, sikufichi. Lakini maneno yale yalinikaa. Miaka yote nimekuwa nafanya vizuri, halafu nageuka kumtazama mtu mwingine aseme kama ni vizuri kweli. Nimechoka kugeuka.

Pambano la pili lilikuwa Jumamosi iliyopita. Nilitumia mtupo ule ule wa nyonga ulionifundisha nikiwa na miaka tisa, ila safari hii nilishuka na mpinzani wangu hadi chini. Nikaubana mkono wake katikati ya mapaja yangu, nikaunyoosha, naye akapiga mkeka mara mbili kuonyesha amesalimu amri. Nilimwachia papo hapo, nikamwinua, nikamuuliza kama mkono uko salama. Hayo sikufundishwa kizimbani. Waambie watu wa vijiweni kwamba kilichoshinda pale ni judo yako. Usipotaka kuwaambia, basi, mimi ninajua.

Sasa niseme lile lililonifanya nishike kalamu. Wewe unaamini kwamba niliacha timu kwa sababu ya goti. Goti langu halikuwa na kitu. Unakumbuka yule katibu wa chama cha judo alipokuja nyumbani baada ya mchujo wa timu? Mlikaa sebuleni, mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai, na nilisikia yote. Alikwambia nafasi amepewa binti mwingine, na kwamba mimi nitakwenda kambini kuwa mwenza wake wa mazoezi: miezi minne ya kuangushwa naye asubuhi na jioni ili azoee. Binti huyohuyo niliyemshinda mara mbili kwenye mchujo! Nilisimama na birika mkononi nikingoja useme hapana. Ukasema ni heshima kwa familia. Ukasema hujawahi kufundisha msichana anayeanguka vizuri kama mimi. Halafu ukamshukuru.

Kesho yake nikaanza kuchechemea. Sikuwa na ujasiri wa kukukatalia usoni, nikalisingizia goti, nawe ukaniamini. Wiki tatu, kila jioni, uliacha cherehani ukapiga magoti mbele ya kiti changu, na mgongo wako huo, ukanikanda goti lisilouma kwa kitambaa cha maji ya moto. Uliniuliza kama napata nafuu, nikajibu kidogo. Siku moja uliniomba msamaha kwamba ulinifanyisha mazoezi kupita kiasi, na mimi nikakuacha uendelee kukanda.

Kwa hilo naomba radhi, Baba, kwa moyo wangu wote. Nimepigwa ngumi nyingi tangu niondoke, na hakuna hata moja iliyoniuma kama kile kitambaa. Lakini ni kwa hilo tu. Kwa kuondoka sitaomba radhi, kwa kizimba sitaomba, na kwa kuikataa kazi ya kuangushwa sitaomba hata uninunie miaka kumi.

Mbusu Mama kwa niaba yangu. Kaka mwambie aache umbea, ila asiache kunipigia. Kabla ya pambano tunajaza fomu, na mtangazaji huzisoma kwenye kipaza sauti: mpiganaji ni nani, uzito wake, amefundishwa na nani. Kwenye lile swali la mwisho nimeandika jina lako, lote, bila kukuomba ruhusa. Litasomwa kabla ya pambano langu la tatu, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa kumi jioni. Ukitaka lifutwe, uje ulifute mwenyewe. Nimekuwekea kiti mstari wa mbele.

Nakusalimu kwa heshima zote,

Ni mimi, kitinda mimba wako.