Kabla Hujaweka Sahihi

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nilizipata kwa dereva wa basi, na sabuni pia. Sisi wazima. Kifua chako je? Kama bado unakohoa, ni ukaidi wako wa kulala na feni usoni. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo ukicheka mwandiko, cheka taratibu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine. Ni barua ya binti yako ya kuomba kazi. Yule mama dobi wa nyuma ya zahanati, mwenye sauti kama honi, anataka msaidizi wakati wa likizo. Safari hii anadai barua, tena yenye sahihi ya mzazi, maana wa mwaka jana alitoroka siku ya pili na aproni ya watu. Nikamuuliza, kwani mimi si mzazi? Akasema bibi ni bibi, yeye anataka mama. Mwisho ni Ijumaa, usiitie mkobani ukaisahau kama kawaida yako.

Huyu mjukuu wangu, mke mwenzangu, alikaa mezani siku mbili. Barua ya kwanza aliinakili kutoka kwenye simu. Nikamwambia anisomee. Eti yeye ni mbunifu, ana ari, na anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Nikamuuliza mashuka ya watu yanataka ubunifu gani. Akacheka mwenyewe, akaichana. Ya pili ilikuwa fupi: umri, shule, na penye uzoefu akaandika kwamba hana. Hapo nilipiga meza mpaka chai ikamwagika. Hana? Nikamwambia aandike ninayomtajia. Akakataa, akasema wewe mama yake utaisoma. Nikasema na usome.

Basi kabla hujafika mstari wa tatu, yasikie kwangu, si kwa karatasi.

Ule mguu niliokwambia umeteguka kidogo, haukuteguka. Nilianguka bafuni, mfupa wa nyonga ukapata ufa, daktari akaniamuru kulala. Miezi minne sikushuka kitandani. Kila ulipopiga simu niliongea kwa sauti ya mtu aliyesimama. Mwanao ndiye aliyenigeuza na kuniosha, na kila asubuhi alifua mashuka niliyoyalowesha, akayaanika, ndipo akaenda shule. Doa halikubaki hata moja. Nilimwapisha asikwambie. Ungejua ungeacha kazi ukarudi, nami sikutaka kuonwa vile na mtoto niliyemzaa.

Alama zake ziliposhuka muhula ule ulimfokea kwenye simu, ukamwita mvivu. Nilikuwa hapo hapo kitandani, nasikia. Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Hilo linaniuma kuliko nyonga.

Sasa mama dobi atasoma habari za kitanda changu, na akitaka awasomee wateja wake wote. Shauri yake. Mtoto apate kazi.

Weka sahihi, mpe dereva huyo huyo airudishe. Halafu mpigie binti yako umwombe radhi. Mimi nimeshamwomba, na sikufa. Wala usije mbio: natembea kwa mkongojo, na chooni naenda mwenyewe.

Wasalimie wenzako kazini. Na hiyo feni uizime.

Ni mimi mama yako,
mwenye mashuka.