Usifute Tena, Shemeji

Tarehe 3 Juni

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zangu, na uniwie radhi kwa ukimya wa muda mrefu. Mimi ni mzima wa kadiri. Nyumba imekuwa kubwa tangu dada yako alipofariki, ila sina haki ya kulalamika mbele ya mgonjwa.

Ombi lako la kuletwa ulione kaburi lake limenifikia. Kwa kuwa huwezi tena kukaa kitini safari nzima, gari letu la zamani, lile lenye kitanda na jiko nyuma, ndilo pekee linalokufaa. Kwa masikitiko, linapoteza maji ya rejeta. Nayajaza asubuhi, jioni yamepungua. Nimekagua rejeta, pampu na mipira yote ya mbele, na kila nionapo unyevu naufuta vizuri kwa kitambaa, lakini sijaona tundu. Wewe uliyetengeneza magari maisha yako yote, tafadhali nielekeze.

Ni mimi, shemeji yako.

Tarehe 12 Juni

Shemeji,

Za huko? Mimi nipo tu. Daktari amesema nile chochote ninachopenda, nawe unajua maana yake.

Umenichekesha mpaka mbavu zikauma. Unafuta! Sisi tunafuata uchafu ili tujue panapovuja, wewe unapapiga deki! Usifute tena. Acha yakauke yenyewe, dawa ya rejeta iliyomo itaacha alama ya kijani. Dada alikuwa akisema wewe hata boneti unaipigia hodi kabla ya kuifungua.

Ila fanya haraka.

Shemeji yako, fundi.

Tarehe 20 Juni

Mpendwa Shemeji,

Natumaini maumivu yamepungua. Nimeacha kufuta, ingawa imeniuma kuliacha gari katika hali ile. Mbele ni pakavu kabisa. Hata hivyo, zulia la nyuma, karibu na kitanda, limelowa na lina harufu tamu. Samahani kwa kutolitaja mapema. Nilidhani ni mvua inayopenya paani.

Shemeji yako.

Tarehe 27 Juni

Shemeji, hujambo?

Ni hapo hapo! Kuna mipira miwili inayopita chini ya sakafu, inapeleka maji ya moto kwenye hita iliyo chini ya kitanda. Toa godoro, inua ubao, utaona. Kazi ya asubuhi moja. Ningekwambia uikate hita tuisahau, lakini siku hizi nasikia baridi hata juani.

Mwandiko umekuwa wa kuku. Usinicheke.

Fundi wako.

Tarehe 19 Julai

Mpendwa Shemeji,

Nakujulia hali kwa aibu, maana nimechelewa bila sababu ya maana. Kitanda kile alikitandika dada yako katika safari yetu ya mwisho. Sijakigusa. Shuka bado lina mkunjo alioulaza kwa kiganja chake. Asubuhi nafungua mlango wa nyuma, nasimama kidogo, naufunga. Je, hakuna namna ya kuifikia hita kutoka uvunguni mwa gari? Nauliza kwa unyenyekevu.

Shemeji yako.

Tarehe 28 Julai

Shemeji,

Hakuna. Na mimi nitalala wapi, juu ya jiko?

Tandua. Hatakasirika.

Njoo.

Tarehe 6 Agosti

Mpendwa Shemeji,

Natumaini barua hii itakukuta na nafuu. Nimetandua. Mpira ulikuwa umepasuka pale ulipobanwa na klipu. Nimekata sehemu iliyooza na kuufunga upya. Niliiacha injini ikiunguruma mpaka ikapata moto, nikapapasa kila mahali. Pakavu, na sikufuta chochote. Nimekutandikia mwenyewe, vibaya, utanivumilia.

Natoka kesho kutwa.

Shemeji yako.

Tarehe 14 Agosti

Mpendwa Shemeji,

Sijui kuanza barua bila kumjulia mtu hali. Uniwie radhi.

Gari halikupoteza hata tone. Nilisimama mara kwa mara, nikapiga magoti na kutazama chini kama fundi. Binti yako alinipokea mlangoni, barua yangu ikiwa mkononi mwake, haijafunguliwa. Walikuwa wamekuzika jana yake. Alinionyesha mahali, nikakaa nawe hadi jua lilipozama. Kisha akaniuliza kama gari lilinisumbua njiani. Nikamwambia hapana, mama, baba yako alilitengeneza.

Nimerudi nyumbani. Kitanda nimekiacha kama nilivyokutandikia.

Hita sikuizima njia nzima.

Ni mimi, shemeji yako.