Mtama Mwekundu wa Mama

Jumamosi, mwezi wa saba

Nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote.

Bwana Shamba, yule Mzungu mpya, aliwaita akina mama walete ugali wa mbegu zao za zamani auonje, kisha achague mbegu za kupanda kwenye shamba la serikali. Mkalimani nilikuwa mimi. Kiingereza changu nimekiokota kwenye magazeti ya kufungia sukari, lakini leo nilikitembeza kama suruali mpya.

Ilipofika zamu ya mama yangu, karani wa Bwana Shamba alionja, akakunja uso. "Loo! Mama huyu katupikia dawa ya minyoo!" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Sikusema kwamba ni mama yangu.

Mama akaeleza kwa Kigogo, taratibu, kwamba mtama wake mwekundu ni mchungu, ndiyo maana ndege hawaugusi, na kwamba mwaka ule wa njaa ndio peke yake uliotulisha. Mzungu akaniuliza anasemaje.

"Anasema ni mchungu."

Akaukata mtama wa mama kwa mstari kwenye daftari lake, akasogea kwenye chungu kilichofuata. Ningeweza kumwita arudi. Maneno nilikuwa nayo yote, hata lile la ndege, ila...

Jioni nilimsindikiza mama mpaka njia ya kijijini. Alikuwa na furaha.

"Nilimwona yule Mzungu, ulivyosema tu akaandika. Umenisemea vizuri, mwanangu. Jumatatu nitamletea kibuyu kizima cha mbegu."

Nikamjibu, "Haya, mama."